SPD au SPD-SL: Pedali Ipi Inafaa Safari Ndefu?

Mwendesha baiskeli anayekaa kwenye tandiko kwa saa nyingi hulijali goti lake kuliko uzito wa pedali, na hapo ndipo mifumo hii miwili ya kampuni ya Shimano, ya pedali zinazonasa kiatu, inapoachana. SPD-SL hutumia kliti (kipande kinachonaswa na pedali) pana ya plastiki inayofungwa kwa skrubu tatu chini ya soli, hivyo nguvu ya mguu husambaa na wayo hauchomi mahali pamoja. Kliti ya njano humruhusu mwendeshaji kuchezesha kisigino kwa nyuzi 6, ya buluu nyuzi 2, na nyekundu hairuhusu kabisa. Kwa masafa marefu ningechukua ya njano bila kusita, kwa sababu goti lililolazimishwa kufuata pembe isiyo yake haliwezi kuvumilia. Kutembea nayo, hata hivyo, ni adha: inateleza sakafuni na kulika upesi.

SPD ina kliti ndogo ya chuma, yenye skrubu mbili, inayojificha ndani ya soli, na anayeshuka mara kwa mara ataishukuru. Udogo huo una gharama yake, kwani kiatu chenye soli laini huacha maumivu chini ya vidole. Soli ngumu huyapunguza, na kuirudisha kliti milimita chache kuelekea kisigino husaidia zaidi. Springi ya pedali inayoshika kliti ilegezwe mwanzoni kwa ufunguo wa alen, ili kiatu kichomoke kwa urahisi kisigino kinapozungushwa nje. Kwa safari zenye vituo vingi, naipendelea SPD.