Diski za mtumba Luthuli: zinafaa, ukijua kuzikagua

Vibanda vya gemu vya Luthuli Avenue na Moi Avenue, Nairobi, huuza diski ileile kwa bei mbili: ya mpya iliyofungwa plastiki, na ya mtumba. Kwa gemu za hadithi, chukua mtumba. Za kandanda hutegemea mwezi.

Gemu kubwa ya PS5 (PlayStation 5) hutoka kwa dola 70 Marekani. Dola ikiwa karibu shilingi 130, hizo ni 9,100. Ongeza VAT ya asilimia 16 zinafika kama 10,550. Kwa hivyo anayeitisha 10,000 wiki ya kwanza hajakunyonya. Anayekunyonya ni yule anayeuza mtumba wa gemu hiyo kwa 7,500, kisha ukimrudishia akupe 3,000. Kabla ya kutoa M-Pesa, uliza bei zote mbili: anauza ngapi, na baada ya mwezi atainunua kwa ngapi. Tofauti ikizidi theluthi, nenda kibanda cha pili. Vimejaa.

EA Sports FC, gemu ya kandanda, mpya hutoka kila Septemba, na ya zamani hushuka bei papo hapo: vikosi vimepitwa na wapinzani wa mtandaoni wamehama. Anayenunua mpya mwezi wa Agosti anamfadhili muuzaji. Oktoba, ya mwaka uliopita isizidi theluthi ya bei yake ya kwanza.

Sasa diski yenyewe. Igeuze chini ya taa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi haina neno, maana kila mmoja hukata data kidogo tu na mashine hujaza pengo. Unaozunguka ndio mbaya: hufuata njia ya data na kuila mfululizo. Tabaka la data la Blu-ray, aina ya diski za PS4 na PS5, liko milimita 0.1 tu chini ya uso, kwa hivyo diski iliyosuguliwa kwa mashine ikatae hata iking'aa kama kioo. Kinga yake imeliwa. Kagua ufa kwenye tundu la katikati pia.

Muuzaji atakuwekea diski, picha ya gemu itokee, aseme "unaona, iko sawa." Hapo hujaona kitu. PS4 ya dukani huenda tayari ina gemu hiyo ndani, na diski inatumika kama ufunguo tu. Mwambie: "Bosi, ifute kwanza, halafu iweke upya kutoka kwa diski." Ngoja ifike asilimia 100. Ndiyo, utasimama hapo muda mrefu; diski mbovu hukwama njiani.

Red Dead Redemption 2 ya PS4 ina diski mbili, ya data na ya kuchezea. Ukiuziwa ya kuchezea pekee, hutaweza kuiweka kwenye mashine. Alama ya umri nayo ina maana: namba za PEGI ni toleo la Ulaya, herufi za ESRB ni la Marekani, na nyongeza za kununua mtandaoni lazima zitoke akaunti ya eneo hilo. Wenye PS5 Digital Edition wasihangaike, haiji na pa kuingizia diski, labda wawe wamenunua kisoma-diski cha kuongezea kwenye toleo jembamba.

Omba siku tatu za kurudisha, ziandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya CUSA (ya gemu za PS4) au PPSA (ya PS5) iliyo kwenye diski.