Pistoni za fojidi na konrodi za H kwenye Forester turbo, kwa Dodoma zinafaa?

Haya wadau mambo vipi, niko hapa Kizota gereji na mzigo uko mezani, pistoni nne za fojidi (za kufuliwa) na konrodi nne za H (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, umbo kama herufi H) za EJ205, ile injini ya turbo iliyo kwenye Forester SG5, jina la kampuni silitaji maana hawajanilipa hata buku.

Swali mnaloniuliza sana, "bro nikifunga hizi itakimbia?" Hapana. Hazikuongezei nguvu yoyote, nguvu inatoka kwenye busti (presha ya hewa ya turbo) na mafuta na mapu ya ECU (mpangilio wa kompyuta ya injini), hizi zinavumilia tu ukishaongeza. Kwa hiyo kama gari ni la kwenda kazini Mtumba na kurudi, busti ya kiwandani, funga pistoni za kawaida na hela inayobaki nunua tairi.

Sasa zenyewe. Pistoni ya kiwandani imemiminwa kwenye kalibu, gari likinoki (mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda) kwenye busti zile kingo zinazoshika ringi zinakatika, wenye Subaru turbo mnalijua hilo. Hii imefuliwa kwa presha, aloi ya 2618, silikoni karibu hakuna, ndo maana inastahimili kipigo bila kupasuka haraka. Ubaya wake inatanuka sana ikipata moto so inaachiwa nafasi kubwa ndani ya silinda, mara nyingi 0.06 mpaka 0.08 ya milimita, we fuata karatasi ya kwenye boksi. Matokeo yake asubuhi ya mwezi wa saba, na kile kibaridi cha Dodoma na upepo wake, ukiwasha inagonga kok kok kok kama Fuso mpaka baba mwenye nyumba anachungulia dirishani. Ikipata joto inanyamaza, isiponyamaza hapo ndo uogope. Kama kelele huziwezi kuna za aloi ya 4032, silikoni kama asilimia 12, hazitanuki sana ila uvumilivu uko chini kidogo, na mimi kwa gari la kila siku ningechukua hizo kusema ukweli.

Konrodi sina maneno mengi, chuma cha 4340, bolti za kampuni ya ARP, nimezipenda. Ila bolti hizo zipakwe ile grisi yake na zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), sio fundi anakuja na bomba anasema "hii imekaza".

Hela inakopotelea ni kwenye kuchonga jamani. Silinda ya EJ205 ni milimita 92, hizi ni 92.5, kwa hiyo bloku lazima ichongwe, na usiipeleke kabla pistoni hazijafika mkononi, kila silinda ipimwe na pistoni yake. Muulize mchongaji kama ana lile bamba zito linalofungwa juu ya bloku wakati wa kuchonga, maana bolti za hedi zikikazwa silinda inabadilika umbo kidogo, akikwambia "halina haja" chukua bloku yako uondoke. Halafu ringi zikatwe nafasi kati ya ncha zake, turbo inataka kubwa kuliko ya kawaida, kwa silinda hii ringi ya juu ni kama 0.45 ya milimita, ikibana ncha zikipata moto zinagusana na ringi inaondoka na kingo za pistoni yako mpya. Na fundi awe anajua boksa (injini kama hii, silinda zimelala pande mbili), pini za pistoni zinaingizwa kupitia matundu ya bloku yenyewe, aliyezoea injini ya Toyota 1NZ tu atabaki anaizunguka injini.

Kingine cha kwetu huku, Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na Dar, so turbo inazunguka zaidi kufikisha pumzi ileile na hewa inatoka ya moto zaidi, mapu iliyopigwa Dar ikaguliwe tena huku. Na vumbi! Zile filta za wazi zinazopiga mluzi achana nazo, acha boksi la kiwandani na filta safi, vumbi la Veyula linakula ringi mpya haraka kuliko busti.

Ukishawasha usiende kasi moja muda mrefu, toka mpaka Kibaigwa unakanyaga na kuachia ringi zikae, oili ya kwanza mwaga kwenye kilomita 500 hivi, kata filta yake uangalie kama kuna vyuma. Busti usiguse mpaka mtu wa mapu amekaa na gari lako, hata kama jamaa zako wa Area C wanakusubiri barabarani.