Tiki ya buluu si nyota za begani

Programu hii ya kutafuta wachumba nimeipa nyota tatu kati ya tano, na kabla hujauliza: ndiyo, nilimpata mwenzi, na bado tuko pamoja. Nyota mbili nimezizuia: moja kwa ajili ya malipo, nitakayoyaeleza mwishoni, nyingine kwa sababu kabla ya kunikutanisha naye programu hii ilinipitisha kwenye msururu wa majenerali wa uongo, na haikunipa msaada wowote wa maana wa kuwatambua. Jina la programu silitaji, maana mengi nitakayosema yapo pia kwenye programu nyingine zinazojitangaza kuwa za "watu waliokomaa", yaani sisi tuliovuka arobaini na tunaotaka mazungumzo yenye kichwa na miguu.

Nina miaka 52, niliachika zamani, watoto wanajitegemea. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo karatasi moja siiamini mpaka nione ya pili inayoiunga mkono. Nilijiunga nikijua ninachokitafuta: mtu mzima, anayeheshimu muda, asiyehitaji kulelewa. Kwenye kichujio cha kazi nikachagua "jeshi, amestaafu". Shoga yangu alicheka sana, akasema baada ya miaka yote ya kuamrisha watu ofisini sasa natafuta wa kuniamrisha mimi.

Kujisajili hakuna shida. Picha, umri, maelezo mafupi, kisha maswali mengi kuhusu nyota ya kuzaliwa, wanyama wa kufuga na kama unaamka mapema. Baada ya hapo unajirekodi video fupi ukigeuza shingo kushoto na kulia, mfumo unaulinganisha uso wako na picha ulizoweka, na unapewa tiki ya buluu. Watumiaji wengi wanaiona tiki hiyo kama hati ya tabia njema. Sivyo. Inasema kwamba uso ulio kwenye picha ni wa mtu aliyeshika simu, basi. Cheo, miaka ya utumishi, hata hali ya ndoa, kila mtu anajiandikia mwenyewe na hakuna anayeuliza. Tena wasio na tiki kabisa wanaruhusiwa kukuandikia, isipokuwa ukiingia kwenye mipangilio, chini kabisa, ukawazuia. Mtu mpya hawezi kuijua sehemu hiyo. Mimi niliiona nikitafuta namna ya kupunguza ukubwa wa maandishi.

Sasa hao majenerali. Wa kwanza alikuwa na miaka 39, mjane, mtoto mmoja yuko shule ya bweni, yeye mwenyewe yuko kwenye operesheni ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa mahali asipoweza kupataja. Kufika ujenerali huchukua kwa kawaida zaidi ya miaka ishirini ya utumishi, kwa hiyo huyu bwana ama alianza jeshi akiwa darasani ama ni mwongo. Mwingine alijiita afisa, cheo chake sajini meja. Sajini meja ni mtu mzito kambini, na maafisa vijana wanamwogopa, lakini si afisa mwenye kamisheni, na hakuna aliyevaa gwanda anayeweza kukosea hapo. Wa tatu alikuwa na tiki, uso ni wake kweli, ila kombati aliyovaa ilikuwa na beji zisizokaa pamoja. Hilo nililijua baadaye, nilipomwonyesha mtu anayejua.

Mtindo wao ni mmoja. Siku ya pili wanataka mhamie WhatsApp, kwa sababu ndani ya programu mazungumzo yanaweza kukaguliwa na akaunti kufungwa. Simu ya video haiwezekani "kwa sababu za usalama". Mapenzi yanapanda haraka, wiki haijaisha umeshaitwa mke wangu. Kisha inakuja ada: ya kuomba likizo, ya nauli, ya hospitali, ya kusafirisha sanduku. Kitengo cha upelelezi wa jinai cha jeshi la Marekani kimeonya kuhusu hadithi hizi kwa miaka mingi, kwa kuwa picha za askari wao ndizo zinazoibwa sana: askari halipi ili apewe likizo, na mchumba hamlipii. Umoja wa Mataifa nao una tahadhari kama hiyo kwa umma. Niliichukua picha ya yule wa miaka 39 nikaitafuta kwa kutumia Google na TinEye, tovuti inayoonyesha picha imetumika wapi kwingine mtandaoni. Ilikuwa ya mwanajeshi halisi, mwenye jina jingine kabisa.

Nikabonyeza kitufe cha kuripoti. Jibu likaja papo hapo, la mashine, la kunishukuru kwa kuifanya jamii yetu iwe salama. Baadaye nikakutana na picha ileile ikiwa na jina lingine na cheo kilichoshuka kidogo, sasa ni kanali. Hapa ndipo nyota ya kwanza ilipoondoka. Kwa kampuni inayolipwa kila mwezi, kulinganisha picha zilizoripotiwa na zinazopakiwa upya si jambo la kuishinda. Na hasara si ndogo: kwa mwaka 2022 pekee, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipokea taarifa za utapeli wa mapenzi kutoka kwa watu karibu 70,000, na fedha zilizopotea zilifika dola bilioni 1.3. Hao ni walioripoti. Mtu wa umri wetu akitapeliwa, mara nyingi anamficha hata mwanawe.

Niliyempata hakuwa na picha hata moja ya sare. Alikuwa na sweta, baiskeli, na picha moja ambayo hakuitazama kamera. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: jeshi la majini, kapteni, mstaafu, miaka 56. Nikakunja uso. Kapteni wa jeshi la nchi kavu ni afisa kijana, nyota tatu begani, bado hajafika umeja. Mtu anastaafuje na cheo hicho akiwa na umri huo, labda awe na doa kubwa kwenye faili lake? Nikamwuliza bila kuzunguka. Akajibu kwa upole kwamba kapteni wa meli za kivita analingana na kanali wa nchi kavu, akanielekeza nitazame jedwali lolote la vyeo, asiaminiwe yeye. Nikatazama. Ni kweli. Nikamwandikia, "Samahani, Afande." Akajibu kwamba uafande aliuacha getini siku anarudisha kitambulisho, nimwite jina lake.

Kwa mkaguzi, mwanamume anayekwambia usimwamini, nenda kahakiki, ni kishawishi kikubwa kuliko maua. Lakini ona: programu ina kisanduku kimoja tu cha "cheo", hakina tawi la jeshi. Kisanduku hicho kilikaribia kunikosesha mtu wa kweli huku kikiwapitisha wa uongo.

Simu ya video alikubali mara moja. Sehemu hiyo ya programu ni nzuri kuliko zote: picha haikwami, namba zenu hazionekani, na unaweza kukata kwa kitufe kikubwa chekundu bila kujieleza. Tulipopanga kukutana akaandika "1700, mlango wa mashariki." Nikapiga hesabu, saa kumi na moja jioni, nikafika dakika tano kabla ya wakati nikijiona hodari. Alikuwa ameshafika, amechagua meza, na amekaa akiutazama mlango. Kiti hicho ni chake popote tunapokwenda, nami sikigombei. Sikio la kushoto linamlia filimbi mchana na usiku, zawadi ya mizinga na vyumba vya injini. Mlio wa masikio ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida kabisa ya wanajeshi wastaafu. Kwa hiyo mimi hukaa kulia. Hakuna swali la sikio kwenye maswali yote yale ya programu, ila la paka lipo.

Programu ina ukurasa wa makala za ushauri, na ipo moja kuhusu "kumpenda mwanajeshi wa zamani". Inamchukulia kila mstaafu kama mgonjwa: usimguse akiwa amelala, usifungue chupa kwa kishindo, usimwulize lolote. Kiwewe cha vita ni kitu cha kweli. Madaktari wa akili wa Marekani walikiingiza rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980, na anayekabiliwa na jinamizi kila usiku au anayeshtuka kwa kila mlio anahitaji mtaalamu, hahitaji makala ya programu. Lakini wanajeshi wengi hawana ugonjwa huo. Wangu analala kama mtu aliyezoea zamu za saa nne nne melini: popote, upesi, na anaamka mwenyewe. Kilichomsumbua zaidi ni mwaka wa kwanza wa kustaafu. Asubuhi alikuwa na wasaidizi, ratiba na meli nzima inayosubiri neno lake. Keshoye yuko foleni ya benki na namba mkononi, na kijana wa dirishani anamwambia fomu hiyo siyo. Aliniambia haya akicheka, ila alichukua muda mrefu kuyasema.

Makala haisemi lolote kuhusu fedha, na hapo ndipo watu wa makamo wanapoumizana. Wanajeshi wengi hustaafu mapema kuliko raia, kwa hiyo mtu wa miaka 56 anaweza kuwa na pensheni, kazi ya pili na mtalaka mwenye haki ya sehemu ya pensheni ileile. Katika nchi nyingine mwenzi uliyefunga naye ndoa baada ya kustaafu hapati moja kwa moja mafao ya mjane. Kuna fomu ya kujaza na muda maalumu wa kuijaza. Sheria hazifanani, uliza kwa sheria zenu, lakini uliza kabla ya kuhamia kwa mtu. Nilipoligusa hili nilitarajia anune. Alikuja na faili lenye vitenganishi vya rangi: pensheni, bima, talaka, wosia. Vitenganishi, jamani! Wapo wanawake wanaosomewa mashairi. Mimi nilisomewa faili nikapata baridi ya raha.

Asionekane malaika. Akikasirika anakuwa na adabu ya kutisha, sentensi fupi fupi, kama anazungumza redioni. Anapanga safari ya mapumziko kwa ramani na mpango wa akiba, kisha anaweka muda wa "kupumzika bila mpango" ndani ya mpango huo. Maisha yake yote amehama kila baada ya miaka michache, kwa hiyo hana mazoea na vitu, na makabati yangu matatu ya vyombo anayatazama kama mzigo uliozidi kipimo. Nami nimemwambia wazi kwamba nyumbani kwangu hakuna "ripoti ya hali". Akitaka kujua nimeshindaje, aniulize kama binadamu. Siku hizi anauliza. Mara nyingine bado anasimama wima akiuliza.

Nyota ya pili imekwenda na malipo. Usajili unajirudia wenyewe kila mwezi, na kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi makato; unatakiwa uingie kwenye duka la programu la simu yako, sehemu ya usajili, uusitishe hapo. Maelezo yapo kwenye masharti, kwa herufi za kutafuta na tochi. Kufuta akaunti ni hatua nyingine peke yake. Fanya zote mbili, usitishe usajili kwanza.

Nani aitumie? Mwenye subira, anayejua kutafuta picha mtandaoni, asiyeona haya kumwuliza mtu swali la pili. Zuia wasio na tiki siku ileile unayojisajili. Anayedai ni jeshi mwulize tawi gani, cheo gani, amestaafu lini, na siku zake sasa hivi zinakwendaje. Habari za vitani ziache, asiyetaka kuzisema ana haki yake, na tapeli ndiye mwenye nyingi za kusimulia. Wakiongeza kisanduku cha tawi la jeshi na kile kitufe cha kuripoti kikaanza kujibiwa na mtu, nitarudi hapa niongeze nyota.