Nimelijaribu Dishi la Safari Siku Tisa, Kutoka Mwanza Hadi Musoma

Habari za jioni, watazamaji wangu. Wazee mnaonifuatilia, shikamooni. Leo niko Kayenze, huku Ilemela, gari nimeliegesha chini ya mwembe, na hiki mnachokiona hapa mchangani ndicho mlichokuwa mkiniuliza kila siku: dishi la kusafiria, la sentimita 60, linalokunjwa likaingia kwenye begi. Nimelinunua Makoroboi kwa shilingi 160,000, pesa yangu mwenyewe, hakuna aliyenilipa nilisifie. Nimelala nalo siku tisa barabarani, hii Hiace tuliyoifunga kitanda nyuma, mimi, mke wangu na baba, kwenda Musoma na kurudi.

Dishi lenyewe ni zuri. Stendi yake ni mbovu. Na karatasi ya maelekezo itawapotezea usiku mzima, kwa hiyo naanza na hiyo karatasi.

Imeandikwa "elekeza kusini". Hayo ni maelekezo ya mtu wa Ulaya. Setilaiti za TV zimekaa juu ya ikweta, kilomita karibu 35,800 kutoka ardhini, na aliye Ulaya lazima azitafute upande wa kusini. Sisi Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kutoka ikweta. Kwetu zimejipanga kama kamba iliyopita utosini, kutoka mashariki kwenda magharibi. Azam TV wanarusha kupitia setilaiti ya nyuzi 7 mashariki (hiyo ni longitudo iliyokaa juu yake, si upande wa kulielekeza dishi); Mwanza iko mashariki zaidi ya hapo, kwa hiyo hiyo unaikuta magharibi, imeegemea kaskazini kidogo sana, na imeinuka nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho. DStv wako nyuzi 36 mashariki, na hiyo iko karibu kabisa juu ya kichwa chako, nyuzi 85.

Usiku wa kwanza pale Nyegezi niliifuata karatasi. Saa nzima nazungusha dishi upande wa kusini, baba amekaa ndani ya gari anasubiri taarifa ya habari ya saa mbili. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee wangu hajawahi kulala bila kusikia taarifa ya habari.

Sasa shikeni hili. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, inapokaribia saa tisa alasiri, jua linapita karibu kabisa na pale ilipo setilaiti ya nyuzi 7. Simama unapotaka kuweka dishi, tazama jua liko wapi saa hiyo. Kama tawi au jiwe limeliziba jua, na dishi litazibwa. Siku hizohizo picha inaweza kukatika dakika chache mchana kwa sababu jua limekaa nyuma ya setilaiti. Msiguse dishi. Picha itarudi yenyewe.

Na mawe ya Mwanza mnayajua. Kwa kuwa setilaiti imeinuka nyuzi 60, jiwe lenye kimo cha mita 10 likiwa upande wako wa magharibi, sogea mita 6 au zaidi kutoka kwenye jiwe, anga inafunguka. Si mbali. Watu wengi wanakata tamaa kumbe walihitaji hatua kumi tu.

Kulitega sasa. Simamisha stendi wima kabisa. Mimi natumia chupa ya maji iliyojaa nusu, naiegemeza kwenye bomba naangalia maji. Stendi ikiinama, namba zote zilizochorwa kwenye kibano cha dishi ni uongo. Ukitumia dira ya simu, ondoka karibu na gari, chuma kinaivuruga. Kisha fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Kuna mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu itapanda hata ukilielekeza dishi kwenye paa la jirani, mradi LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, imepata umeme. Angalia ubora. Sogeza dishi kidogo kama upana wa kidole, ngoja sekunde tatu, sogeza tena. Anayezungusha harakaharaka anaipita setilaiti bila king'amuzi kuwahi kuisoma. Ukishaipata, zungusha LNB taratibu ndani ya kishikio chake mpaka ubora ufike juu, ndipo ukaze boliti kwa spana namba 10.

Sentimita 60 zinatosha? Hapa nitasema pande zote mbili. Dishi dogo lina jicho pana, linasamehe ukikosea kidogo, ndiyo maana sasa natumia dakika sita tu. Lakini linakusanya chini ya nusu ya mawimbi ya dishi la sentimita 90. Anga ikiwa safi hutaona tofauti. Mvua nzito ya ziwani ikishuka, hili linakata mapema, na linakawia kurudi. Pale Lamadi lilikata, wenye madishi makubwa nyumba ya pili wanaendelea kuangalia. Kwa wa safari mimi nakubali hasara hiyo. Kwa wa kufunga nyumbani, msilinunue.

Stendi imenikasirisha. Miguu ni bati jembamba, na upepo wa mchana unaotoka ziwani uliikunja mmoja siku ya tatu. Nimeinyoosha, na sasa naning'iniza dumu la lita 20 lililojaa maji katikati ya miguu. Kilo 20 hizo, haitikisiki. Kebo nayo wamekupa mita 5, fupi mno. Nunueni mita 15, ili gari libaki kivulini na dishi likae juani.

Umeme: king'amuzi changu kinakula volti 12, TV ya inchi 24 vilevile, kwa hiyo inveta nimeiacha nyumbani. Vyote pamoja ni wati kama 45, karibu ampea 4. Saa tano za kuangalia ni kama ampea-saa 20 (Ah) kutoka kwenye betri. Wekeni betri ya pili, isiwe ile ya kuwashia gari, na wekeni kidhibiti cha volti, kwa sababu injini ikiwaka volti zinapita 14 na zinaweza kuunguza king'amuzi.

Wengine mmeniuliza zile kuba za Marekani zinazojitafutia zenyewe juu ya paa la gari. Zimepangwa kwa setilaiti za kule. Hata ya soko letu, ulizeni inainuka mpaka nyuzi ngapi. Isiyofika 85 haitaiona ile ya utosini.

La mwisho, oneni alama hii nyekundu kwenye kibano. Ni rangi ya kucha ya mke wangu, kwenye nyuzi 60. Musoma nilihitaji 59, Bukoba ni 61. Pande zote hizo za ziwa unafungua begi, unaliweka kwenye alama, unaligeuzia magharibi, unabaki na kazi ya kulisogeza kidole kimoja au viwili.