UMIK-1 na mitego ya pamba ya mwamba: hela ya besi iende wapi kwenye studio ya chumbani

Prodyuza anayemiksi nyumbani kwa kawaida hununua spika kubwa zaidi, halafu sponji za ukutani, halafu programu ya kurekebisha sauti. Besi inabaki palepale: chumbani kiki (ngoma ya chini ya wimbo) inapiga kifuani, ndani ya gari haipo. Ushauri wetu ni kugeuza mpangilio huo juu chini. Inaanza maikrofoni ya kupimia, inafuata nafasi ya kukaa, kisha pamba nene, na programu inakuja mwisho kama hela imebaki. Tumevipima vifaa hivi kwa kuangalia chumba cha kawaida cha kwetu: urefu m 3.6, upana m 3.0, dari m 2.7, kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, na spika mbili za Yamaha HS5.

Kuta hizo ni nusu ya tatizo. Ukuta wa mbao na jipsamu, kama ule wa nyumba nyingi za Marekani, hutikisika na kumeza sehemu ya besi. Tofali la saruji hurudisha karibu yote. Kwa hiyo video inayosema mitego (vifyonza besi vya kuwekwa kwenye kona) miwili midogo inatosha huenda ni kweli kwa chumba cha aliyeirekodi, ila si kwa chako. Dari ya jipsamu yenye uwazi juu yake husaidia kidogo, dari ya zege haisaidii kabisa.

Kabla ya kununua chochote, chukua futi kamba. Gawanya 346 (kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde kwenye nyuzi 25) kwa mara mbili ya kila kipimo cha chumba. Kwa chumba chetu unapata Hz 48 (mitetemo 48 kwa sekunde) kwa urefu, Hz 58 kwa upana na Hz 64 kwa kimo. Hapo ndipo wimbi linapogonga ukuta na kurudi juu ya njia yake lenyewe, likijijenga karibu na kuta na kujifuta katikati. Noti ya G ya chini iko Hz 49, C iliyo juu yake iko Hz 65.4. Ndiyo maana besi ya wimbo ukiwa kwenye G inavuma, ukiipeleka C inanywea, na mtu anaanza kulaumu sampuli.

UMIK-1 ya miniDSP ni maikrofoni ya USB isiyohitaji kadi ya sauti wala umeme wa ziada. Bei yake iko karibu na dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Unachokilipia hasa ni faili la urekebishaji: kila maiki imepimwa peke yake, na kwa namba iliyoandikwa mwilini mwake unapakua mafaili mawili, moja la maiki iliyoelekezwa kwenye spika na moja la nyuzi 90 kwa maiki inayotazama dari. Kuyachanganya ni kosa la kawaida, ingawa chini ya Hz 300 halina madhara ya maana. Kistendi kinachokuja nayo ni cha mezani na hakifiki kimo cha sikio. Andaa stendi ya kawaida ya maiki.

Inatumika na REW, programu ya bure ya John Mulcahy inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Weka maiki pale kichwa kinapokaa, m 1.2 kutoka sakafuni, na kiti kitoke. Zima feni na AC, funga dirisha, nawe toka chumbani au simama mbali bila kujongea. Panga sauti iwe kati ya desibeli 75 na 80, piga mfagio (sauti inayopanda mfululizo) wa Hz 20 hadi 300, spika ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, kisha zote mbili. Usilainishe grafu. Ukiweka ulainisho wa theluthi ya oktavu, shimo la desibeli 15 litaonekana kama bonde dogo la kupendeza, na utajidanganya kwa hela yako mwenyewe. Hakikisha pia kasi ya sampuli kwenye kompyuta imewekwa 48 kHz, kwa kuwa maiki hii haifanyi kazi kwa kasi nyingine.

Grafu ya mwinuko, inayoonyesha ukubwa wa sauti kwa kila masafa, inatoa nusu tu ya habari. Fungua ile ya maporomoko, ambapo kila masafa huonekana yanavyofifia kadiri muda unavyopita. Kiki yenye mkia wa nusu sekunde pale Hz 48 haitengenezwi na ikwalaiza ya miksi, kwa sababu mkia huo haumo kwenye wimbo. Umo chumbani. Lengo linalofikika kwenye chumba hiki ni besi kushuka desibeli 20 ndani ya milisekunde 150 hadi 200.

Nafasi ya kukaa haigharimu kitu, na inashinda bidhaa nyingi. Geuza meza itazame ukuta mfupi, ukae katikati ya upana, na masikio yawe asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa mbele, yaani kama m 1.37. Si sheria, ni mahali pa kuanzia: sogeza sentimita 10 mbele na nyuma, pima kila mara. Kukaa katikati kabisa ya chumba, m 1.8, ni kukaa ndani ya shimo la Hz 48. Kwa upana, ukikaa katikati na spika zikiwa na ulinganifu, besi ile ile ikitoka pande zote mbili hailiamshi wimbi la Hz 58. Kinachosahaulika ni kimo: sikio la mtu aliyekaa liko m 1.2, karibu na nusu ya dari ya m 2.7, na spika ziko kimo hicho hicho. Hapo Hz 64 inadhoofika, na kusogeza kiti hakuibadilishi sana.

Kuhusu spika, watu husikia kwamba HS5 ina tundu nyuma, wanaivuta mbali na ukuta. Uso wa spika ukiwa m 0.6 hadi 1.0 kutoka ukuta wa nyuma yake, sauti inayorudi inafuta masafa ya kati ya Hz 144 na 86, mahali pabaya kuliko pote kwa kiki na besi. Iache karibu, uso uwe kama sentimita 30 kutoka ukutani na tundu libaki na nafasi ya kupumua. Shimo linapanda mpaka karibu Hz 290, na huko paneli ya sentimita 10 nyuma ya spika inalipunguza. Besi itakayoongezeka ipunguze kwa swichi ya ROOM CONTROL iliyo mgongoni, −2 au −4.

Sasa pamba. Tafuta mabao ya Rockwool (pamba ya mwamba) au pamba ya kioo ya sentimita 120 kwa 60, unene wa sentimita 10, uzito wa kilo 30 hadi 45 kwa mita ya ujazo. Wauzaji wa vifaa vya kuhami joto kwenye mabomba ya viwandani ndio wa kuulizia, maduka ya vifaa vya muziki yataongeza bei. Usifuate wazo kwamba nzito zaidi ni bora zaidi: kwenye mtego mnene, pamba iliyobanana sana huirudisha besi kabla haijaingia ndani.

Kata kila bao vipande viwili vya 60 kwa 60, kisha kila kipande kwa mshazari. Bao moja linatoa pembetatu nne. Zipange kwenye kona moja moja juu ya nyingine kutoka sakafuni hadi dari: kwa m 2.7 unahitaji pembetatu 27, sawa na mabao 7 kwa kona. Kona mbili za nyuma zinakula mabao 14. Weka rafu nyembamba kila baada ya sentimita 90, la sivyo za chini zitabonyea na uwazi utatokea juu. Kona za mbele zinatosha na mabao mawili mawili yaliyosimamishwa mshazari. Kisha paneli ya sentimita 20 ukuta wa nyuma, na nyingine ikining'inia juu ya kichwa ikiacha sentimita 10 hadi dari, kwa ajili ya ile Hz 64. Ining'inizwe na fundi anayejua kuta na dari, si kwa gundi.

Kitambaa cha kufunikia kipime kwa mdomo: pumzi ikipita, kinafaa. Khanga inafaa vizuri, turubai haifai. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu wakati wa kukata. Pwani, inua mtego sentimita mbili kutoka sakafuni na utie fremu dawa ya mchwa.

Sponji za kona, hata zile za Auralex LENRD zilizotengenezwa kwa uangalifu, ni ndogo mno kwa Hz 50 na 60. Wimbi la Hz 58 lina urefu wa karibu mita 6. Namba ya NRC (kipimo cha ufyonzaji wa sauti) kwenye tangazo isikuvutie, maana inapimwa kwa masafa manne kuanzia Hz 250 kwenda juu, besi haimo. Ukijaza chumba sponji, sauti za juu zinakufa na besi inabaki ikitawala, hivyo chumba kinasikika kibaya kuliko kilipokuwa kitupu. Trei za mayai tuziache jikoni.

SoundID Reference, programu ya Sonarworks ya kurekebisha sauti, inafanya kazi nzuri ya kushusha vilele, kama pamba tayari ipo. Mashimo haiyawezi. Kuinua Hz 64 kwa desibeli 12 ni kudai nguvu mara 16, na ampi ya besi ya HS5 ina W 45 tu, kwenye spika ambayo Hz 54 imeshashuka desibeli 10. Utapata mkoromo, na shimo litabaki, kwa kuwa sauti inayoongezwa ndiyo hiyo hiyo inayorudi ukutani kujifuta. Zima pia programu hiyo kabla ya kutoa faili la mwisho, au chumba chako kitasafiri pamoja na wimbo.

Kwa aliyepanga na asiyeruhusiwa kujenga kona, AVAA ya PSI Audio ya Uswisi ni kifaa kidogo cha umeme kinachofyonza besi chini ya Hz 150. Kinafanya kazi kweli, lakini kimoja kinapita dola 2,000, na chumba kama hiki kinataka viwili. Kwa hela hiyo mpangaji atapata mitego ya fremu inayosimama yenyewe na kuhamishika, gharama ya lori la kuihamisha ikiwemo.