Uzoefu wangu na vitabu vya majaribio vya watoto, tupo Wete, Pemba

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wa huku visiwani, maana mimi kabla ya kununua nilitafuta sana mtu aniambie kitabu gani kinafaa, kila mmoja akanambia nunua tu vyote vizuri. Si vyote.

Mwanangu ana miaka tisa, yupo darasa la tatu, masuali yake hayeshi, akitoka skuli masuali, akirudi chuoni masuali, nipo kwenye mbuzi nakuna nazi kasimama hapo pembeni anauliza mbona mito yote inaingia baharini na bahari haifuriki. Nikaagiza vitabu viwili Unguja, kimoja cha viumbe vya baharini na kimoja cha majaribio ya kufanya nyumbani, vya Kiingereza vyote kwa sababu vya Kiswahili vya aina hii sikupata, jumla shilingi 46,000, nikavifuata Mkoani kwenye boti.

Cha bahari picha zake nzuri mno ila ukishaangalia umemaliza. Tulichofaidi ni pweza, kumbe ana mioyo mitatu na damu yake buluu, basi siku hizi pweza akiletwa hapasuliwi mpaka mwenyewe awepo ahisabu. Lakini gundi mbovu, wiki ya pili kurasa zinachomoka, nimemwandikia muuzaji mpaka leo kimya. Kwa pesa ile si haki.

Cha majaribio ndo nataka nikiseme vizuri. Kuna jaribio linataka kabichi ya zambarau, mimi sokoni kwetu sijapata kuiona, nikasema tuliruke, mtoto akanuna. Ndo nikakumbuka kanga, ukimwagikiwa na mchuzi wenye manjano ukapaka sabuni ya kipande lile doa linageuka jekundu, sote tunalijua toka wadogo. Tukakoroga manjano na maji tukapaka kwenye karatasi ya daftari tukaanika. Ilipokauka akapitisha kidole chenye sabuni, pakawa pekundu pale pale, akakamulia ndimu, pakarudi manjano. Alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Na yale maelezo ya kitabu kuhusu asidi ya ndimu na sabuni kuwa kinyume chake yakaingia kichwani siku ile ile, kabichi hatukuihitaji.

Ila pesa yangu imerudi kwenye ukurasa mmoja tu, wa maji kujaa na kupwa. Unaambiwa uchomeke kijiti pwani, uandike saa maji yanapojaa na usiku uchore umbo la mwezi, siku 14. Akawa anakwenda na babu yake, baba yangu mimi, amevua maisha yake yote. Siku ya kwanza maji yamejaa saa 10 na dakika 10 jioni, ya pili karibu na saa 11, kila siku yanachelewa, mara dakika 40 mara saa nzima, kitabu kinasema wastani ni dakika 50. Babu yake hana hata saa mkononi, akamwambia, mjukuu wangu, tazama tarehe ya mwezi, mwezi ukiandama na ukifika 15 ndo bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, 7 na 22 maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Mtoto kachukua kalenda ya Kiislamu ukutani kaiweka na kitabu sakafuni anafuata kwa kidole, jua na mwezi vikikaa mstari mmoja vinavuta pamoja, na babu kasema vile vile. Huku kwetu bamvua kubwa maji yanapanda karibu mita 4 kwa hiyo tofauti unaiona kwa macho, hata mtoto mdogo anaiona.

Kosa moja nimelikuta, kimeandika popo wanatafuta njia kwa sauti, kama kwamba ni wote. Popo wetu wa Pemba, ambao duniani hawapo pengine, wanakula matunda na wanatumia macho na pua. Nimemwandikia pembeni kwa kalamu.

Ushauri wangu, kabla hujalipa mwambie muuzaji akupigie picha kurasa za ndani, uone vifaa vinavyotakiwa unavyo jikoni au huna. Vile vya kujaza ndani ya kitabu kama una watoto wawili viache, wa kwanza akishaandika wa pili analia, wetu anatumia daftari.

Kijiti cha kwanza kimechukuliwa na bamvua, jana kachomeka chengine, kirefu zaidi.