Semina ya wazazi ya kulinda watoto: Jumamosi nne, na kijitabu nilichokiacha mezani

Nilijiandikisha kwa shingo upande. Nina binti wa miaka 6 na kaka yake wa miaka 11, na nilijihesabu mama mwenye macho: marafiki zao nawajua, njia wanazopita nazijua, na juu ya watu wasiowafahamu nimeshawaonya hadi wanamalizia sentensi wao wenyewe.

Kikao cha kwanza hakijachangamka, mwezeshaji akatugawia karatasi. Andika majina ya watu wazima unaoweza kuwaachia mtoto wako bila wasiwasi wowote. Niliandika sita bila kuinua kalamu. Akasema, "Haya, hiyo karatasi ndiyo somo letu la leo." Watu wakaanza kununa, naye akawahi kufafanua kwamba hasemi hao sita ni wabaya. Anachosema ni kwamba wanaowanyanyasa watoto kingono wengi wao ni watu ambao mtoto na familia wanawajua na kuwaamini, na mara nyingi wanayeanza kumlainisha ni mzazi. Lifti, zawadi, kumsaidia mtoto masomo bure, "pumzika mama, mimi nitabaki naye". Halafu zinakuja siri ndogo ndogo zisizo na ubaya wowote, kumpima mtoto kama anajua kunyamaza. Mama aliyekaa kushoto kwangu alinong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaikunja karatasi yake mara nne na kuitia kwenye pochi.

Kikao cha pili peke yake kingetosha kunitoa nyumbani. Mwezeshaji aliuliza kila familia inaziita nini zile sehemu za mwili. Kidude. Dudu. Huko chini. Ukumbi ukacheka. Akatoa mfano: mtoto anamwambia mwalimu, "Anko anapenda kuchezea kidude changu," na mwalimu, huku akisahihisha madaftari, anamjibu, "Mwambie akurudishie." Tulicheka tena, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Akahamia kwenye neno ambalo mimi nililiona ndilo la heshima, "sehemu za siri". Tunamwambia mtoto asifiche jambo lolote linalohusu mwili wake, halafu mwili wenyewe tunaupa jina la siri! Yeye husema "sehemu binafsi", na kila kiungo hukiita kwa jina lake: uume, uke, matiti, matako. Nakiri baadhi ya maneno hayo bado yananikwama kooni. Binti yangu hana shida, anayatamka sebuleni kama anavyotamka goti. Tulifundishwa pia kumwonyesha mtoto tofauti ya siri mbili. Zawadi ya siku ya kuzaliwa unaificha leo na siku yenyewe kila mtu anaiona. "Usimwambie mama kamwe" haina siku yake, na hiyo ndiyo ya kuja kusemwa mara moja.

Kikao cha tatu kilikuwa cha maigizo, wawili wawili. Mwenzangu alikuwa mtoto, akasoma kadi yake: "Sitaki tena kwenda kwa yule mwalimu wa hesabu." Nikamrukia. Kwa nini? Amekufanya nini? Lini? Mbona hukuniambia? Mwezeshaji alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mama, maswali manne kwa pumzi moja. Hapo mtoto ameshafunga mlango." Tukarudia mara tatu mpaka nikaweza kusema tu, "Nakusikiliza," na kunyamaza. Kisha "umefanya vizuri kuniambia" na "si kosa lako". Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana itabidi uwaambie wanaohusika. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, na mahojiano ya kina waachie waliofunzwa, kwa sababu swali lenye jibu ndani yake linaweza kumpotosha mtoto na kuharibu kesi. Muuguzi aliyealikwa akaongeza yale ambayo hofu hutusahaulisha: usimwogeshe mtoto kabla hajaonwa, nguo usifue bali zitie kwenye mfuko wa karatasi, na mfikishe hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Sasa lawama. Karibu saa nzima tulisomewa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Kifungu cha 19, cha kumlinda mtoto dhidi ya ukatili, ndicho kinachotuhusu na kingemalizwa kwa dakika tano, mimi nilisinzia. Kikao cha nne, cha simu na intaneti, kilichelewa kuanza na kikafanywa kwa kukimbizwa. Baba mmoja (akina baba tulikuwa nao wanne tu) aliuliza afanye nini mtu akipata picha ya utupu ya mtoto wake na kutishia kuisambaza. Akajibiwa, "Mnyang'anye simu." Jibu bovu. Mtoto anayejua atapokonywa simu atalipa, atatuma picha nyingine, atafanya lolote ila kukwambia wewe. Alipaswa kuambiwa kwamba mtoto asilaumiwe, asitume kitu kingine, mazungumzo yasifutwe, na taarifa ifike polisi.

Mama mwenye mtoto kiziwi naye aliuliza mwanawe ataripotije, na kwa lugha ipi. Hakujibiwa kitu cha maana, wakati utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012 ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu wako katika uwezekano wa kufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Huyo hakustahili kuwa swali la mwisho kabla ya picha ya pamoja.

Na kijitabu! Jalada lina mwanamume mwenye kofia, uso wake hauonekani, anampa mtoto peremende getini. Jumamosi nne tumeambiwa tusimsubiri mtu huyo, halafu tunarudi naye nyumbani kwenye mkoba. Changu nilikiacha mezani.

Ningewapa nyota nne kati ya tano, na ya nne ni ya maigizo. Ukienda, usikose kikao cha pili na cha tatu, na mwende wawili kama mnalea wawili. Mume wangu nilimsimulia kila kitu vizuri kabisa, lakini juzi binti yetu alipokataa kumbusu babu yake, ni yeye aliyesema, "Mbusu babu, acha utundu." Nikamwangalia. Mtoto akapunga mkono, babu akacheka, naye akapunga.